Wote tunajikuna, na aliyelaumiwa ameshaondoka

Shangazi, shikamoo.

Naishi pembeni ya Uyole hapa Mbeya, kule ambako nyumba zinakwisha na mashamba ya viazi yanaanza. Nina miaka 34 na watoto watatu: wa kwanza ana miaka 11, wa kati 7, wa mwisho miezi minane. Mume wangu ni dereva wa lori. Hulala nyumbani siku mbili tatu kwa wiki, nyingine yuko njiani, Tunduma au Dar es Salaam. Naomba jina langu lisitoke, maana huku kwetu watu wanasoma.

Mwezi wa sita, tarehe kumi hivi, baridi ilipoanza kukolea, huyu wa kati alianza kujikuna usiku. Mchana anacheza vizuri, lakini akishaingia chini ya blanketi, vita inaanza. Nikadhani ni sweta la sufu. Siku zilivyokwenda nikaona vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, na kiunoni pale suruali inapokaza. Zahanati walisema ni upele, wakampa chupa ya dawa nyeupe ya kupaka. Nikampaka yeye. Akatulia kama wiki, halafu ukarudi kwa nguvu, na sasa vidole viwili vimetunga usaha. Shule imemrudisha nyumbani mpaka apone. Mwalimu wake alizungumza nami kwa upole, lakini aibu niliyoipata pale getini bado ninayo.

Mwisho wa mwezi wa sita akafuata mkubwa, kisha dada wa kazi, kisha mimi. Mdogo naye analia sana usiku. Sijaona kitu mwilini mwake zaidi ya vipele viwili vitatu shingoni, ila kwa baridi hii huwa simvui soksi wala kofia.

Dada wa kazi ni binti wa miaka 19 kutoka Makete. Alifika kwangu tarehe 25 Mei. Alikuwa analala chumba kimoja na watoto wawili wakubwa, na usiku wa baridi kali nilikuwa nawakuta wamejikunja watatu kitanda kimoja. Kwa kuwa yeye alifika, na wiki mbili baadaye mtoto akaanza kujikuna, kila mtu alipiga hesabu hiyo hiyo. Hata mimi.

Mama mkwe alikuja kutoka Rungwe kunisaidia. Ni mama mwenye upendo, lakini akishaamua ameamua. Alisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Akanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, akaichanganya na maji kwenye beseni, akamwogesha binti. Siku ya pili akamrudia. Ngozi ya binti ikababuka mapajani, akatapika, akalala mchana kutwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni, Shangazi, na sikusema neno. Siku iliyofuata binti alipandishwa basi na nusu ya mshahara wake. Sasa mama anasema zamu ya wajukuu imefika, kwa sababu dawa imebaki nusu chupa. Nimeificha darini.

Liko na jambo la nguruwe. Nina majike mawili, na mmoja ana watoto tisa. Nilianza kwa mkopo wa kikoba, na dume huwa naazima kwa jirani. Tangu mwezi wa tano yule mwenye watoto anajisugua kwenye nguzo za banda mpaka mbao zinalegea, masikioni ana magamba ya kijivu, na ngozi ya shingo imekuwa nene kama gome. Watoto wake nao wameanza. Mimi ndiye ninayewabeba, na kila nikitoka bandani mikono yangu kuanzia kiwiko kushuka, na tumbo, vinawasha na kutoka vipele vyekundu. Mama mkwe hakuwahi kuwapenda wale nguruwe. Anasema kama si binti basi ni wao, na kwamba nichague kati ya nguruwe na wajukuu wake.

La mwisho nashindwa hata kuliandika. Wiki iliyopita mume wangu alirudi, akanionyesha vipele sehemu zake za siri. Hakuniuliza. Alisema tu, "Nimeambiwa hivi huletwa na mwanamke." Na mimi nilikuwa nimejiandaa kumuuliza habari za nyumba za wageni za Tunduma. Usiku ule tulilala kila mmoja kageukia upande wake, na wote wawili tunajikuna.

Mfanyabiashara wa nguruwe amesema atapita Jumamosi awachukue wote. Bei yake ni ndogo, lakini mwezi wa tano tulipata msiba Rungwe, baba mdogo wa mume wangu. Nilikaa kule siku tano na huyu wa kati na mdogo, akiba yote ikaishia huko, na marejesho ya kikoba ni Agosti. Je, niuze maneno yaishe? Nimpigie yule binti, na nikimpigia nimwambie nini? Na mume wangu nimuulizeje bila kuvunja nyumba?

Mama wa watatu, Uyole

—

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, ile chupa. Umefanya vyema kuificha, ila dari yenye mtoto wa miaka 11 chini yake si maficho. Ifungie mahali penye kufuli, ikiwa kwenye chupa yake yenye maandishi, na isiguse ngozi ya mtu yeyote tena. Dawa za kupe zimepimwa kwa ngozi na uzito wa ng'ombe. Zipo zinazoshusha mapigo ya moyo na kuleta usingizi mzito, na zipo zinazoleta kutapika, mate mengi na kupumua kwa shida. Ulivyoeleza hali ya yule binti, kutapika na kulala mchana kutwa, moyo wangu ulishtuka. Nitarudi kwake.

Sasa nikae na wewe. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara naona nyumba ile ile: watu saba, baridi ya Uyole, na kila mmoja anamtafuta aliyeleta. Mama anamwona binti, akimkosa anawaona nguruwe. Mume anakuona wewe, nawe unamwona yeye. Umeniuliza maswali matatu, la nguruwe, la binti na la mume, na yote yamekaa juu ya jambo moja ambalo mmelichukua kama limethibitika: kwamba yuko mmoja aliyeuleta, na kwamba hesabu ya siku imemtaja. Niliwahi kuvaa sare ya uuguzi miaka mingi kwenye zahanati za huku Nyanda za Juu Kusini kabla sijaanza kujibu barua, na hesabu hiyo naifahamu. Tuipige tena pamoja.

Upele wa binadamu huletwa na kidudu kidogo ambacho kwa jicho ni kama nukta, ukiwa na bahati ya kukiona. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mgonjwa wa kawaida, hata yule anayejikuna mpaka damu, mara nyingi ana majike 10 hadi 15 tu mwili mzima. Muwasho si meno yao. Ni mwili unavyowakataa, wao na mayai na kinyesi chao, na mwili ambao haujawahi kukutana nao huchukua muda kuwatambua, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Muda wote huo mtu hajikuni, hana kipele, na anaambukiza.

Binti alifika tarehe 25 Mei. Mtoto alianza tarehe kumi hivi ya mwezi wa sita, siku 16 tu. Kama ni mara yake ya kwanza, na kama aliupata kwa binti, ningetarajia aanze mwishoni mwa mwezi wa sita au baadaye. Binti mwenyewe ndiye aliyeanza mwishoni mwa mwezi huo, wiki nne na zaidi tangu aingie kwenye kitanda cha watoto wako. Halafu umeutaja msiba wa mwezi wa tano kwa ajili ya fedha tu, ukapita. Siku tano, watoto wa ukoo mzima wamelazwa kwenye mikeka, blanketi moja watoto wanne. Sisemi ulitoka msibani. Aliyewahi kuugua upele akiambukizwa tena huanza kuwashwa ndani ya siku moja hadi nne, kwa hiyo hesabu hii nayo ina matundu yake, na wala sitaki uibebe kwenda kuwashutumu wafiwa. Nasema tu kwamba tarehe ulizoniandikia mwenyewe hazimfungi yule binti. Anayeanza kujikuna si lazima awe aliyeanza kuambukizwa, na aliyefika karibuni si lazima awe aliyeleta.

Na nguruwe? Hapa mama mkwe ameona kitu cha kweli, akakiunganisha kwa haraka. Magamba masikioni, ngozi nene, kujisugua kwenye nguzo: kwa maelezo hayo bwana mifugo atafikiria kwanza ukurutu. Kidudu cha ukurutu wa nguruwe ni ndugu wa karibu sana wa kile cha upele wa watu, wataalamu wanawaita kwa jina moja la ukoo. Lakini kila mmoja amezoea ngozi yake. Cha nguruwe kikimpanda mtu kitamwasha, tena upesi, ndani ya saa kadhaa au siku chache, pale pale mlipogusana. Hakiwezi kujenga maisha juu yake. Usipomgusa mnyama tena, kwa kawaida muwasho huisha wenyewe baada ya siku au wiki chache.

Ndiyo maana nakuuliza kitu ambacho huenda hukukifikiria: je, huenda wewe una miwasho miwili? Ule wa mikono na tumbo unaokuja ukitoka bandani unafanana na wa nguruwe. Ule wa usiku, wa katikati ya vidole, unaofanana na wa mwanao, ni wa watu. Mtoto wako wa miaka saba habebi nguruwe, wala mume wako. Ukiuza banda zima Jumamosi, mikono yako itapata nafuu, ila sioni jinsi kitanda cha watoto kitakavyopata.

Hebu sasa tuangalie kwa nini dawa ya zahanati ilishindwa, kwa sababu nadhani haikushindwa. Ulimpaka mtoto mmoja, akarudi kulala na wenzake wawili ambao tayari walikuwa nao bila kujua. Upele hutibiwa kwa nyumba. Wote wanaolala chini ya paa hilo, anayejikuna na asiyejikuna, hupakwa jioni moja. Dawa hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, ngozi ikiwa kavu na imepoa, si mara tu mtu anapotoka kwenye maji ya moto: kitovuni, kwapani, makalioni, sehemu za siri, katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Krimu ya permethrini hukaa saa 8 hadi 14, kisha hurudiwa baada ya wiki moja. Ile nyeupe mliyopewa, kama ni BBE, yaani dawa ya maji ya benzyl benzoate, ina utaratibu wake wa siku na huunguza ngozi iliyochubuka. Mtoto hapewi nguvu ile ile ya mtu mzima. Mwambie mhudumu umri wa kila mtu, na mwambie unanyonyesha. Chuchu zisafishwe kabla mtoto hajanyonya.

Nguo, mashuka na mablanketi yaliyotumika siku tatu za mwisho yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani na kupigwa pasi. Kidudu kikitoka mwilini huishi siku moja au mbili, tatu ukizidisha, lakini baridi na unyevu humwongezea siku, na Uyole mwezi wa saba baridi haikosekani. Yale mablanketi mazito yasiyofulika yafunge kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Najua ni kuomba mengi kwa nyumba yenye baridi. Omba mawili matatu kwa jirani kwa wiki hiyo.

Halafu jiandae kwa jambo linalowachanganya wengi: baada ya dawa kufanya kazi, muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne, kwa sababu waliokufa bado wamo ndani ya ngozi. Nimewaona akina mama wakirudia dawa kila siku kwa hofu hadi mtoto anaungua. Ukiona njia mpya na vipele vipya baada ya muda huo, rudi zahanati. Na vile vidole viwili vyenye usaha vionwe sasa hivi, visisubiri. Bakteria wanaoingia kwenye mikwaruzo ya upele wanaweza kuleta shida mpaka kwenye figo. Akiamka amevimba uso, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tuje kwa mama. Umeandika kwamba ana upendo, na nimelishika hilo. Mwanamke aliyesafiri kutoka Rungwe kuja kuogesha wajukuu hakuja kwa ubaya. Amekosea dawa, ila mahali alipoanzia pana mantiki: Rungwe na Busokelo wamezoea kumeza ivermektini kwa ajili ya usubi, ule ugonjwa wa ngozi na macho unaoletwa na inzi wadogo, wanapimwa urefu kwa fimbo na kupewa vidonge. Dawa hiyo ilianza kwa mifugo, na tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck inaitoa bure kwa watu wenye usubi. Ni ile ile ambayo bwana mifugo anaweza kumchoma jike wako kutibu ukurutu, na ni ile ile daktari anaweza kumpa mtu mwenye upele. Kinachotofautiana ni matayarisho na kipimo, na hapo ndipo pana kifo. Ya sindano ya nguruwe haimezwi na mtu, na vidonge vya watu havipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15. Kama nyumbani mwenu kuna atakayesikilizwa akimweleza hivyo, awe ni muuguzi au daktari. Unaweza kumwomba mama mkwe afuatane nawe zahanati kama bibi wa watoto. Akisikia kule kwamba hata asiyejikuna hupakwa, hatalazimika kulisikia kwako. Hatari yake ni kwamba atakataa mbele za watu, na utarudi umeaibika. Hatari ya kunyamaza unaijua. Uliisimamia mlangoni.

Ningependa pia ajue kwamba maarifa ya akina mama kuhusu ugonjwa huu ni ya zamani. Mwaka 1687 daktari mmoja wa Italia, Giovanni Cosimo Bonomo, alieleza kidudu cha upele alichokitazama kwa darubini, na alichomsukuma kutazama ni kuwaona wanawake maskini wakiwatoa vidudu hivyo kwa ncha ya sindano kwenye ngozi za watoto wao. Mama aliyeona kwamba kuna mdudu aliona sawa.

Mume wako. Nitasema ninachokijua na niishie hapo. Vipele kwenye sehemu za siri za mwanamume ni dalili ya kawaida kabisa ya upele. Kidudu kinapenda ngozi laini yenye joto. Huambukizwa kwa ngozi kugusana kwa muda, kwa hiyo wanaolala pamoja hupeana, wakiwa mke na mume, mtoto na mama, au wanafunzi wa bweni. Vipele vile havithibitishi kwamba wewe ulitoka nje, wala kwamba yeye alitoka. Havithibitishi pia kwamba hakuna aliyetoka, na kama ana kidonda, usaha au maumivu ya kukojoa, hilo ni jambo lingine, apimwe, nanyi mpime wote wawili.

Kuna njia mbili naziona. Moja ni kumuuliza la nyumba za wageni sasa, moto ukiwa bado unawaka. Utapata jibu, au utapata ugomvi, na dawa itasubiri. Nyingine ni kuanza na dawa: "Baba fulani, zahanati wamesema tupakwe wote jioni moja, nawe umo." Kama yuko safarini siku hiyo, ajipake huko huko aliko, na shuka na blanketi za kwenye lori zifuliwe. Njia hii ina hatari yake pia: unaweza kulifunika swali la pili mpaka lioze. Wewe ndiye unayejua kama swali hilo lilikuwepo kabla ya upele. Kama lilikuwepo, upele hautakujibu. Kama lilizaliwa na upele, ningeupa mwezi mmoja ngozi zikatulia kabla ya kulitamka. Lakini nyumba ni yako, mwanangu, na masikio yaliyosikia sauti yake usiku ule ni yako.

Nguruwe nao, tuangalie njia zao. Ukiwauza Jumamosi, utamaliza kelele na kulipa sehemu ya kikoba, kwa bei ya hasara. Ukimwuzia mtu bila kusema, unapeleka ukurutu kwenye banda la mama mwingine mwenye mkopo kama wako. Ukisema, bei itashuka zaidi, au hatanunua. Ukiwatibu, utatumia fedha sasa. Bwana mifugo atamchoma jike na watoto wake, mara nyingi atarudia baada ya siku 14, matandiko ya banda yatolewe na kuchomwa moto, nguzo zisuguliwe. Jike wa pili atibiwe hata kama hana gamba, na jirani mwenye dume aambiwe, kwa maana dume likirudi na ukurutu mtaanza upya. Baada ya sindano hamtachinja mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zipite, kwa hiyo uliza kabla, uzihesabu mpaka Agosti. Wakati wa tiba vaa mikono mirefu ukiwabeba, na nguo hiyo ibaki bandani. Ipo njia ya katikati: kuongea na wenzako wa kikoba kuhusu kusogeza rejesho moja. Kuna vikoba vinavyokubali, na kuna ambako neno "upele" litafika sokoni kabla yako. Unawajua wanawake wale kuliko mimi.

Na binti. Umeniuliza umwambie nini. Sitaki kukupangia maneno, ila naona mambo matatu yanakudai na hayangoji kujua nani alileta. La kwanza ni afya yake: ile dawa ya ng'ombe, na upele ambao sasa ameufikisha kwenye kitanda cha wadogo zake Makete. Anahitaji kuambiwa aende zahanati na aseme wazi aliogeshwa na nini, na nyumba yake yote itibiwe. La pili ni nusu ya mshahara. La tatu ni yale maneno aliyoondoka nayo kichwani. Kumrudisha kazini ni suala jingine. Huenda hataki kurudi, na hilo ni haki yake. Unaweza kuogopa kwamba ukimpigia unakiri kosa mbele ya mama mkwe. Inawezekana. Uliandika kwamba hukusema neno, na ukaliandika bila mimi kukuuliza, katikati ya habari za mkopo na nguruwe. Nadhani unajua tayari kwa nini.

Hujachelewa kwa lolote kati ya haya. Upele si uchafu, na hakuna mama wa kuona haya kwa ajili yake. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na linakadiria kwamba watu milioni 200 wanao kwa wakati wowote. Mwambie hivyo mwalimu, ukiweza, utakapompeleka mtoto shule siku inayofuata baada ya kutibiwa.

Nimemwacha mdogo mwisho kwa sababu yeye ndiye ningemtanguliza kesho asubuhi. Mtu mzima upele humruka kichwa na uso. Mtoto mchanga haumruki. Kwake hukaa kichwani, viganjani na kwenye nyayo, na dawa yake huchaguliwa kwa umri na hupakwa mpaka kichwani. Umesema hujaona kitu mwilini mwake zaidi ya vipele vya shingoni, na umesema humvui soksi wala kofia. Ukifika zahanati, kaa naye karibu na dirisha penye jua, umvue vyote viwili kabla muuguzi hajauliza.

Shangazi